Chai ya asumini ya Kichina: ipi ununue, ipi uiache dukani

Aliyelelewa Pwani hahitaji kufundishwa harufu ya asumini. Ameinusa alasiri kwenye ungo wa muuza vikuba, akainusa tena usiku kwenye nywele za bibi harusi, na asubuhi yake akayaona maua yale yale yamesinyaa, yamegeuka rangi ya kahawia, hayana harufu tena. Kumbukumbu hiyo ina faida kubwa siku unapokwenda kununua chai ya kijani ya asumini kutoka China, kwa sababu ua ni lile lile: Jasminum sambac, ambalo Wachina huliita moli. Pua yako imeshasoma. Kilichobaki ni kujua kilichomo ndani ya kopo, maana makopo ya chai hii ni mafundi wa kudanganya.

Mimi nilidanganywa na la kwanza kabisa. Lilikuwa la kioo, limejaa maua makavu meupe hadi majani hayaonekani, nikajisemea hapa nimepata. Nilipomimina maji moto, harufu iliruka kama ya sabuni ya kuogea. Kikombe cha pili hakikuwa na asumini hata kidogo, uchungu mtupu. Nikarudi dukani. "Kaka," muuzaji akaniambia, "hiyo ndiyo watu wanayoipenda, ina maua." Kumbe maua ndiyo yaliyokuwa tatizo.

Chai iliyovumbikwa

Makao ya zamani ya chai hii ni mji wa Fuzhou, mkoa wa Fujian. Kilimo cha asumini na chai cha Fuzhou kiliingizwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2014 katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Siku hizi maua mengi yanatoka Hengzhou, katika Guangxi, na viwanda vingi vimeyafuata huko huko.

Majani huchumwa majira ya kuchipua, yakakaushwa kuwa chai ya kijani, kisha yakawekwa kusubiri. Asumini haina haraka. Inataka joto, hivyo maua mazuri hupatikana katikati ya kiangazi cha China, miezi michache baadaye. Wachumaji huingia shambani kuanzia adhuhuri na kuchukua vitumba tu, vile vilivyojaa lakini bado havijafunguka. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo: alichuma baada ya alasiri, akatunga vikiwa vimefumba, ili vifunguke kichwani wakati wa isha. Kiwandani vitumba vikianza kufunguka jioni ndipo huchanganywa na majani makavu na kurundikwa pamoja. Ua linatoa harufu usiku kucha na jani linaifyonza. Ukitaka neno la Kiswahili la kazi hii, sioni linalozidi kuvumbika, kama tunavyovumbika ndizi mbichi. Hata joto lipo: rundo hupata moto mpaka ikabidi litawanywe lipoe, la sivyo maua hupikika na chai ikanuka.

Asubuhi maua huchekechwa na kutolewa, kwani yameshamaliza kazi. Majani hurudishwa kwenye moto yakauke, maana yamefyonza maji ya maua pamoja na harufu. Baadaye yanaletwa maua mapya na kazi inaanza upya. Chai ya bei rahisi huvumbikwa mara moja au mbili, nzuri mara tano, na ile ya kujivunia mara saba au zaidi. Kilo moja ya chai ya daraja la juu hula kilo kadhaa za maua, na bei yake inatoka hapo.

Sasa unaona kwa nini ua lililobaki ndani ya kopo si sifa. Ni ganda. Halina harufu ya kutoa, na likikaa kwenye maji moto linaongeza uchungu. Wengine huchukua majani dhaifu, wakayapulizia manukato ya kiwandani, kisha wakarushia maua makavu juu ili mnunuzi aone uzuri. Kwa hiyo muulize muuzaji imevumbikwa mara ngapi, usiulize ina maua kiasi gani. Na akikuambia ana chai ya asumini mpya ya mwezi wa Aprili mwaka huu, mwache. Mwezi huo maua mazuri ya kuvumbikia bado hayajafika.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa chai ya majani ya kawaida ya daraja la kati au juu kidogo, aina wanayoiita maofeng: kichipukizi na jani moja au mawili, membamba, yamejikunja kidogo, kijani kilichokoza chenye nyuzi za fedha. Haina mapambo. Inakubali maji mara tatu, haikasiriki ukisahau dakika moja, na pesa yako imekwenda kwenye majani na maua, si kwenye mikono ya kuviringa. Kwa chai ya kila siku sioni sababu ya kupanda juu ya hapo. Ikiwa imevumbikwa mara nne au tano, nunua bila kusitasita.

Pili ni lulu, zile punje zilizoviringwa kwa mkono na kukaribia ukubwa wa mbaazi. Ukizitia maji zinafunguka polepole, na watoto wa nyumbani kwangu hukusanyika kuzitazama. Lulu nzuri ni tamu kweli, harufu imejificha ndani na inatoka kidogo kidogo mpaka kikombe cha nne. Ila udanganyifu umejaa hapa kuliko penginepo, kwa sababu kilichoviringwa hukioni. Chukua punje moja, iache kwenye maji moto dakika tano, kisha ifumue kwa kidole. Unatakiwa ukute kichipukizi na majani yake yameshikana kwenye kikonyo kimoja. Ukikuta vipande vilivyochanika na majani mapana yaliyokomaa, umelipia kazi ya kuviringa takataka.

Tatu, na hapa najua wapo watakaoguna, naweka chai iliyovunjika. Beijing ni mji unaopenda chai ya asumini kuliko pengine mji wowote wa China. Maduka yake ya zamani kama Wu Yutai, la mwaka 1887, na Zhang Yiyuan, la mwaka 1900, yamejijengea jina kwa chai hii. Watu wa huko wasio na fedha nyingi walizoea kununua gaosui, yaani chenga za chai bora zilizobaki baada ya kuchekecha. Jani limevunjika, lakini lilivumbikwa pamoja na ndugu zake wa bei kubwa. Inakolea haraka, haifiki mbali, na kwa chai ya baada ya mlo inatosha kabisa. Shida ni kwamba nje ya China chenga nyingi unazokutana nazo ni za chai duni tangu mwanzo. Ukiwa na jamaa anayekwenda Guangzhou kufuata bidhaa, muombe apite soko la chai la Fangcun akununulie huko.

Nne ni yinzhen ya asumini, vichipukizi vitupu vyenye manyoya meupe. Ni nzuri, ni ghali, ni laini mno. Mtu aliyezoea chai ya rangi iliyochemshwa na tangawizi atasema umempa maji ya kuoshea kikombe. Mpelekee mkwe anayejua chai.

Ipo moja inayovunja kanuni yangu ya maua: bitan piaoxue ya Sichuan. Hiyo maua huachwa ndani kwa makusudi, yaelee juu ya maji ya kijani kama theluji, na jina lake maana yake ni hiyo. Waliobaki waaminifu huongeza maua meupe yaliyokaushwa kwa uangalifu juu ya chai iliyokwisha kuvumbikwa vizuri. Ukimwamini muuzaji, iweke sawa na lulu. Usipomwamini, iruke.

Chini kabisa ni chai ya vifuko. Hesabu yake ndiyo inayonikera. Boksi la vifuko 25 vya gramu mbili ni gramu 50, na kila kifuko kina kikombe kimoja cha maana: vikombe 25. Gramu 100 za majani, ukitumia gramu tatu kila unapotia, ni mara 33, na majani yale yale unayatia maji mara tatu: karibu vikombe 100. Maana yake majani yanayouzwa mara nne ya bei ya boksi yanakugharimu sawasawa kwa kikombe, na ladha haifanani hata kidogo. Weka vifuko ofisini.

Mipira ya chai iliyoshonwa na ua katikati, inayofunguka kwenye glasi, sikuipa nafasi. Hiyo ni pambo la meza.

Kusoma kopo na kunusa

Tafuta herufi nne, 茉莉花茶, ndiyo chai ya asumini. Kisha geuza nyuma usome viambato. Vinatakiwa kuwa chai ya kijani na asumini, basi. Ukiona 香精, yaani manukato ya kiwandani, au lugha yoyote inayosema imeongezwa ladha au harufu, rudisha rafuni.

Ukipewa nafasi ya kunusa, usiingize pua koponi. Kopo limekusanya harufu na litakupumbaza. Weka majani machache kwenye kiganja, yahemee pumzi ya moto, kisha nusa. Asumini ya kweli huamka taratibu, na nyuma ya utamu wake kuna uzito fulani wa usiku, karibu na uvundo wa mbali, ule ule wa kikuba kilichovaliwa saa tatu. Ya kiwandani mara nyingi ni tamu tu, kama pipi, na inakurukia kabla hujaisogeza.

Waonjaji wa China wana njia isiyo na huruma. Huondoa maua yaliyobaki, wakatia gramu tatu kwenye mililita 150 za maji yanayochemka. Maji ya kwanza hukaa dakika tatu, wakapima kama harufu ni hai. Ya pili dakika tano, wakapima kama inadumu. Maji ya moto mkali hayafichi aibu. Fanya hivyo nyumbani kwa kila chai mpya, mara moja. Kikombe cha pili kikibakia na asumini, umenunua vizuri. Wakati mwingine utakutana na harufu nyingine nzito juu ya asumini: ni ua la bailan, jamii ya magnolia, ambalo hutiwa kidogo kuipa asumini mwili. Likijitokeza waziwazi, waonjaji huhesabu ni kasoro.

Kupika, au tuseme kutopika

Sufuria haina kazi hapa, wala maziwa, wala mchaichai. Chai ya kijani ikichemshwa hutoa uchungu wote na asumini hupaa na mvuke, jirani akafaidi kuliko wewe. Chemsha maji, uyaache birika likiwa wazi dakika tatu nne hadi yashuke karibu nyuzi 85. Wa Nairobi subira yenu ni fupi zaidi, kwani kwenye mwinuko ule maji huchemka karibu nyuzi 94.

Gramu tatu ni kijiko cha chai kilichojaa cha majani, au punje saba nane za lulu. Maji mililita 200, funika, subiri dakika mbili. Lulu zipe tatu. Wachina hutumia gaiwan, kibakuli chenye kifuniko na kisahani, na raha yake ni kuinua kifuniko na kukinusa kabla ya kunywa. Bakuli dogo lililofunikwa kwa kisahani linatosha. Usimalize maji yote: yakibaki theluthi moja, ongeza mengine, na ladha haitakatika.

Sukari nimeiacha, ingawa sitagombana na mtu. Nafanya hila ya wanywaji wa kahawa chungu: utamu uwe pembeni. Tende moja, au kipande cha halwa, na kikombe kisicho na sukari.

Siku za joto, gramu sita kwa lita moja ya maji baridi, ndani ya friji usiku mzima. Hata chai ya wastani hutoka vizuri kwa njia hii.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuiweka. Jani lililoweza kufyonza asumini litafyonza chochote. Lulu zangu za kwanza nilizihifadhi kabati moja na iliki na karafuu, kwenye kopo lenye kifuniko kilicholegea, na baada ya wiki tatu nilikuwa na pilau ya kunywa. Nunua gramu 50 kwanza, kopo la bati linalobana, mbali na jiko na viungo, na uimalize ndani ya mwaka.