Kalibu ya kufyatulia kuni za karatasi: miezi 8 nikiitumia

Kalibu hii ni sanduku la bati nene lenye matundu chini na ubavuni, kubwa kama tofali la kujengea, na mikono miwili mirefu inayokandamiza kifuniko. Haitaki umeme wala gundi. Unajaza rojo la karatasi, unaegemea mikono kwa uzito wako wote, maji ya kijivu yanachuruzika kwenye matundu, unapindua, tofali la kuchoma badala ya kuni linatoka. Nimeshafyatua zaidi ya 200 na ninaipenda sana. Ila boksi lake halisemi kazi yenyewe iko wapi.

Kazi iko kwenye maji. Mara ya kwanza nililoweka magazeti saa 2 tu. Tofali lilitoka zuri machoni, lakini lilipokauka likafunguka kurasa kurasa kama daftari lililonyeshewa. Kinachoshikanisha tofali ni nyuzi za karatasi yenyewe, nazo hazisokotani mpaka zilowe na kuachana kabisa. Siku hizi nachanachana vipande vya kiganja, naloweka siku 3, halafu natwanga kwa mchi ndani ya ndoo hadi nisione tena neno linalosomeka. Nikipata unga wa mbao, natia kopo 1 kwa makopo 3 ya rojo. Tofali linashika moto upesi zaidi.

Halafu kukausha. Kwenye mizani yangu tofali bichi lina kilo 1.3 hivi, likikauka linabaki gramu 400. Kilichoondoka chote ni maji, na yakibaki ndani, moto utahangaika kuyachemsha kabla haujakupa joto lolote. Niliharakisha kuchoma moja la siku 5, nje limekauka kau. Likafuka moshi mzito, likazima. Nilipolivunja, katikati palikuwa baridi kama nguo iliyotoka kukamuliwa. Sasa napima: uzito usiposhuka siku 3 mfululizo, ndipo naliweka stoo. Juani ni kama wiki 2, kivulini hata 5. Kama huna mahali penye hewa pa kuyaanika, usiinunue.

Tofali lililokauka vizuri linanipa dakika 40 za moto mtulivu, mwali mfupi, kisha kaa jekundu. Majivu ni mengi kuliko ya kuni. Majarida ya karatasi za kung'aa nimeyaacha, kwa sababu yamepakwa udongo mweupe na chokaa, vitu visivyoungua. Tofali lake linageuka jivu likiwa na umbo lilelile na kuziba njia ya hewa. Risiti za mashine na karatasi zenye ngozi ya plastiki usichome kabisa, tafadhali. Moshi ule unauvuta wewe na watoto.

Kwa mtengenezaji nina malalamiko mawili. Pini ya mkono mmoja ilipinda nikiwa kwenye tofali la 60 hivi. Nimeweka boliti nene, na hiyo ilipaswa kuwepo tangu kiwandani. La pili, kalibu haiachi tundu katikati ya tofali. Kwa hiyo nikishalitoa, likiwa bado bichi, nalitoboa taratibu kwa kipande cha nondo huku mkono mwingine umelishika lisipasuke. Tangu nianze kutoboa, zile wiki 5 za kivulini zimekuwa 4, na moto unapanda kupitia katikati badala ya kulamba ubavu tu.