Kuuza madera na leso Jumia, Kilimall, Jiji na WhatsApp kwa pamoja: rivyu ya muuzaji wa Mombasa

Dada zangu wengi wanaoanza kuuza nguo mtandaoni wananiuliza waingie soko gani, Jumia ama Jiji ama Kilimall, na mimi nawajibu ingia yote lakini usiweke mzigo uleule kila mahali, manake pesa yake hairudi kwa mwendo mmoja. Mimi nauza madera na leso hapa Mombasa, mzigo natoa Mtaa wa Biashara hapahapa na mwengine Eastleigh kule Nairobi, na hela ninayopata leo ndio nanunulia mzigo wa kesho, kwa hivo hayo masoko nayapima kwa jambo hilo kabla ya mengine yote.

Naanza na Jumia kwa sababu ndio ina watu. Pale mteja hakujui wewe, anaijua Jumia, anaoda usiku kwa simu yake na mzigo anauchukua kwa kituo kilicho karibu na kwake hata kama yuko mji ambao wewe hujawahi kuukanyaga, mtu kama huyo status yako ya WhatsApp haimfikii abadan. Picha inatakiwa nyuma yake kuwe kweupe, kila saizi na rangi ina namba yake, na bidhaa zikiwa nyingi unazipandisha kwa faili ya Eksel badala ya moja moja. Komisheni inategemea aina ya bidhaa so usipange bei kabla hujaangalia ya nguo ni ngapi. Lakini komisheni mimi hainiumizi kichwa, unaijua mapema unaiweka kwa bei. Kinachotaka akili ni muda, yaani mteja anaoda, mzigo unasafiri, unapokewa, ana muda wake wa kurudisha akitaka, halafu ndo hesabu yako inaingia kwenye malipo, na mtaji wako wote ukiwa ndani ya madera yaliyo njiani basi mzigo mzuri ukishuka Biashara utaupita ukiuangalia tu.

Na kuna jambo watu hawaambiwi. Nyota na maoni ya wateja yanakaa kwenye bidhaa ile uliyoiposti. Dera la kawaida ambalo ukimaliza unaenda kuchukua tena lilelile, ukilipandisha Jumia linajenga nyota polepole na kila mteja anaekuja anaona wenzake walisema nini. Leso sio hivo. Leso inakuja na jina lake na rangi zake, zinaingia doti kadhaa, zikiisha zimeisha, likija jina jipya unaanza upya na zile nyota zote zimebaki kwa bidhaa ambayo haipo. Kwa hivo mimi Jumia napeleka madera tu, tena yale ninayojua nitayapata tena.

Leso nyumbani kwake ni WhatsApp. Mwenye kununua leso anataka kusoma jina kwanza, analipeleka kwa dadake, wanajadiliana hilo jina linamfaa wifi yao ama litaleta maneno, ndo anakwambia niwekee doti mbili. Hayo maongezi hayafanyiki kwenye soko la kubofya na kulipa. Katalogi ya WhatsApp Business inabeba bidhaa hadi 500, inatosha na kubaki, na hela inaingia Pochi la Biashara, ile pochi ya M-Pesa ya wenye biashara ndogo, hapohapo, haichanganyiki na hela ya sukari na unga. Asubuhi umeuza, mchana uko Biashara unanunua tena.

Jiji nayo naipenda sana. Hao ndio waliochukua OLX, ule mtandao wa matangazo ya kuuza na kununua, mwaka 2019 kwa Kenya, Tanzania, Uganda, Ghana na Nigeria, so wauzaji wa zamani wanaijua. Kuposti ni bure, unalipa ukitaka tangazo lipande juu, na mnaongea wenyewe bei na mnapokutana. Wateja wangu wa jumla wengi wametoka huko, mtu anaanza na swali la dera moja kumbe ana duka na anataka dazeni. Ila jamani meseji ya M-Pesa hakikisha kwa salio lako mwenyewe kabla mzigo haujapanda boda, usiamini picha anayokutumia mnunuzi. Facebook Marketplace naiweka hapo pia, ni bure, wanaouliza kama bado ipo ni wengi kuliko wanaonunua, lakini wa hapa mjini wanapatikana. Kilimall wako Kenya tangu 2014 na jina lao limejengeka zaidi kwa simu na vitu vya nyumbani, kwa hivo ukiwa unauza mashuka na pazia pia utapata pa kuingilia, madera peke yake mimi singeanzia huko.

Sasa stoki. Ziko programu za kuunganisha hesabu ya masoko tofauti lakini hakuna itakayojua kwamba shangazi amepiga simu na umemuuzia ya mwisho. Mimi mzigo naugawa tangu unapofika, haya ya Jumia kabati hili, haya ya Jiji na WhatsApp kabati lile, na cha kabati moja sikiposti kwengine. Kuna soko moja, silitaji, nilirudishiwa dera linanukia udi wa harusi kabisa na likahesabiwa halijavaliwa, tangu hapo kila parseli naipiga picha kabla ya kuifunga, lebo ionekane.

Wengine wananambia hizo kazi zote za nini, si ubaki soko moja. Jumia iliondoka Tanzania Novemba 2019, na Jumia Food, huduma yao ya kuagiza chakula, ikafungwa Disemba 2023 hapa kwetu na nchi nyengine, na kuna watu ndio ilikuwa jikoni kwao hiyo. Hilo linaniogopesha zaidi ya kuandika namba za stoki kwa daftari.

Kwa mwenye mtaji mdogo, anza Jiji na WhatsApp mpaka faida ya kwanza inunue mzigo wa pili, halafu peleka Jumia dera aina moja kwa saizi zote. Na Ramadhani ikikaribia punguza kule kwa malipo ya kungoja, wiki zile za mwisho mzigo unabadilika kila siku pale Biashara na wenye hela mkononi ndio wanaochagua.