Droni au data ya anga za juu: ipi ikuchoree mlima?

Hili linarudi kila tukikaa na jamaa wa upimaji hapa Mbeya. Kwa gharama data ya anga za juu imeshinda mapema, data ya mwinuko ya SRTM (vipimo vya urefu wa ardhi vilivyochukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha NASA) ni bure, unachohitaji ni bando tu. Ila ilikusanywa Februari 2000, pikseli moja, yaani nukta moja ya data, inafunika kama mita 30 ardhini, kwa hiyo kijikorongo cha Rungwe hukioni, na barafu ya Kilimanjaro imepungua sana tangu hapo. Droni inakuonyesha hadi jiwe, lakini kuna kibali, betri zinakata chap kwenye baridi, halafu ukungu ukishuka saa nne asubuhi mmekaa tu kwenye mianzi mnagawana mahindi ya kuchoma. Msituni zote zinasumbua, zinakamata majani kabla ya udongo. Unataka kontua (mistari ya mwinuko kwenye ramani) za wilaya nzima, pakua SRTM. Ni bonde moja linaloporomoka, beba droni na betri za ziada aisee.