Kufunika slaidi za hadubini: DPX ama jeli ya gliserini?
Mimi hapa Nairobi slaidi za vipande vya mwili vilivyotiwa rangi za himatoksilini na eosini nafunika na DPX tu, gundi ya kubandika kioo cha juu, inashika ngumu na slaidi inakaa kabatini miaka, lakini lazima maji yatoke yote kwa alkoholi halafu zailini (kiyeyushi), ukiharakisha unaona wingu jeupe kama maziwa chini ya kioo na inabidi urudi nyuma, inauma sana kama kipande cha mgonjwa ni hicho kimoja tu. Jeli ya gliserini, gundi ya maji, haitaki hayo yote. Hiyo tumia kwa slaidi za kutafuta mafuta, zile za rangi nyekundu ya Oil Red O, kwa sababu zailini inayeyusha mafuta na unabaki na matundu matupu. Shida baridi ya Julai, jeli inaganda kabla hujafunika, pasha kwanza, na ziba pembeni na rangi ya kucha.