Swichi za mtandao za bei nafuu kwa ofisi inayokua: nunua ipi kwanza

Ofisi nyingi za Dar es Salaam huanza na swichi ndogo ya poti 8, yaani matundu 8 ya kuchomeka kebo za mtandao. Ikijaa, inaongezwa nyingine juu yake, na nyingine tena, mpaka mashine ya risiti, kamera, Wi-Fi ya wageni na kompyuta ya mhasibu vyote vinakaa kwenye mtandao mmoja. Hapo ndipo unapohitaji swichi inayosimamiwa, ile unayoingia ndani yake kwa kivinjari ukaigawa kwa VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja, ili mgeni anayetumia Wi-Fi asiweze kuifikia seva ya hesabu. Pia ina STP, inayofunga poti yenyewe pale mtu anapochomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi, kosa ambalo kwa swichi ya kawaida huangusha ofisi nzima.

Kabla ya kutaja hata modeli moja, piga hesabu ya wati. Wanunuzi wengi huhesabu poti tu, na hapo ndipo pesa hupotea. Swichi yenye PoE hupeleka umeme kwenye kamera na aksesi pointi (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) kupitia kebo ileile ya mtandao, lakini ina kikomo cha umeme wa poti zote kwa pamoja. Tuseme una kamera 8 zinazokula wati 7 kila moja, aksesi pointi 4 za wati 12, na simu za mezani 6 za wati 4, kila simu ikiwa na kompyuta iliyochomekwa nyuma yake. Jumla ni wati 128. Swichi ya wati 95 itakuonyesha kila kitu kinawaka mchana, kisha usiku kamera zikiwasha taa zake za kuonea gizani, mbili tatu zinazima na kuwaka tena. Mwenye ofisi analaumu kamera, fundi anabadilisha kamera, na tatizo linabaki palepale.

Kwa ofisi ya namna hiyo, chaguo langu la kwanza ni TP-Link TL-SG2428P. Ina poti 24 za gigabiti (kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde) na zote zinatoa umeme, jumla wati 250, pamoja na nafasi 4 za faiba. Unaweza kuisimamia peke yake kwa kivinjari, au kupitia Omada, programu ya bure unayoiweka kwenye kompyuta ya ofisini ukaona swichi na aksesi pointi zako zote mahali pamoja. Hakuna leseni ya kulipia kila mwaka. Ina feni, kwa hiyo usiiweke karibu na meza ya mtu. Duka dogo lenye kamera chache litatosheka na mdogo wake TL-SG2210P, poti 8 za umeme na 2 za faiba, bila feni. Usichanganye hizi na TL-SG108E, ambayo ni ya bei rahisi zaidi na ina VLAN, ila haina STP. Ile iache nyumbani.

Ya pili ni MikroTik CRS326-24G-2S+RM, na kama fundi wako anaijua MikroTik kwelikweli, ipandishe iwe ya kwanza. Ina poti 24 za gigabiti, mbili za faiba zenye kasi ya gigabiti 10, haina feni, na wenyewe, kampuni ya Latvia, hawadai ada ya leseni kila mwaka. Mafundi wengi wa intaneti huku kwetu wamezoea WinBox, programu ya kupangilia vifaa vya MikroTik, kwa hiyo hutahangaika kumpata wa kuitengeneza. Tahadhari mbili. Haitoi umeme wa PoE. Ukiutaka, uliza CRS328-24P-4S+RM. Halafu usikubali fundi aifanye iwe ruta ya ofisi, kile kifaa kinachoileta intaneti ndani, kwa sababu tu RouterOS, mfumo endeshi wake, inaruhusu. Kichakataji chake ni kidogo, intaneti itakwenda polepole, na swichi nzuri itapewa jina baya.

Aruba Instant On 1930 ni ya tatu kwa sababu ya bei tu. Ya poti 24 yenye PoE inakuja ya wati 195 au 370, ina poti 4 za gigabiti 10, na mtu asiye fundi anaweza kuiendesha kwa programu ya simu. Kama bajeti inafika, sina neno baya juu yake.

UniFi USW-24-PoE inapendeza machoni na haina kelele, lakini ni poti 16 tu zinazotoa umeme, na jumla yake ndiyo zile wati 95. Pia bila programu yake ya usimamizi huwezi kuipangilia. Inafaa kwa ambaye tayari ana UniFi kila mahali.

Mwisho kabisa naweka Cisco Catalyst 2960 za mtumba. Zinadumu sana, hilo halina ubishi. Ila geuza swichi usome kibandiko herufi kwa herufi. WS-C2960-24TT-L ina poti 24 za megabiti 100. Za gigabiti ni mbili tu, na muuzaji atakuonyesha hizo mbili. Ukitaka mtumba wenye maana tafuta 2960-X, mfano WS-C2960X-24PS-L, ambayo poti zake zote 24 ni za gigabiti na hutoa wati 370. Cisco Meraki ya mtumba usiiguse hata ikiwa bei ya kutupwa, kwa kuwa inategemea leseni ya kulipia.

Tenga pia fedha za kebo. Sokoni kumejaa Cat6 ambayo waya wake ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Chukua kipande, kwangua waya kwa wembe: ukiona nyeupe ndani, rudisha. Waya huo hupoteza umeme njiani na hupata joto ukiutumia kwa PoE.

Dukani, omba swichi iwashwe mbele yako. Ingia kwa kivinjari, chomeka kamera au aksesi pointi moja uone kama inapata umeme kutoka kwenye poti, na kwa ya mtumba hakikisha nywila ya zamani imefutwa. Kisha linganisha namba ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye boksi na ile iliyo chini ya swichi, na iandikwe kwenye risiti, maana siku ya kudai waranti hiyo ndiyo watakayoiuliza.