Boga la futari: lipi ununue kwanza, lipi uliache

Kabla hujauliza bei, angalia kikonyo. Kikiwa kimekauka, kigumu kama kijiti, boga hilo lilikomaa shambani kabla ya kukatwa. Kikiwa kibichi, limevunwa mapema, na hata ulipike kwa nazi tatu halitakolea. Kikiwa kimeng'oka, bonyeza hapo palipobaki shimo, maana ndipo boga linapoanzia kuoza.

Nasema haya nikiwa na boga la nazi akilini, futari isiyokosekana kwetu mwezi wa Ramadhani. Likiwa la maji, hakuna anayelirudia.

La kwanza kwangu, bila kusita, ni boga la kienyeji, zima, lenye ganda gumu la kijivu au la kijani kilichofifia. Lichome kwa ukucha, usiingie. Linyanyue, likulemee kuliko ulivyolidhania kwa kuliona. Upande lililolalia udongo uwe wa manjano iliyokolea, siyo mweupe. Boga la namna hii nyama yake ni ya rangi ya chungwa, kavu, yenye unga, na likiiva vipande vinabaki vipande. Mimi huweka tui jepesi lifike nusu ya vipande tu, kwa sababu boga lenyewe lina maji yake, pamoja na chumvi kidogo na iliki. Likilainika ndipo namimina tui zito na sukari, sufuria wazi, moto mdogo. Sikorogi. Naliteka tui kwa upawa na kulimwagia juu tena na tena, lisije likakatika na vipande visivurugike, mpaka rojo likaze.

Boga zima lililokomaa linakaa miezi miwili, hata mitatu, mahali pakavu penye hewa. Kwa hiyo nunua Shaabani, kabla bei haijapanda. Na mbegu usitupe: zioshe, zianike, zikaange kwa chumvi.

Linalofuata ni batanati, lile la shingo ndefu lenye ganda la rangi ya krimu. Chagua lenye shingo nene, kwa kuwa mbegu zote ziko kwenye kitako na shingo ni nyama tupu. Ganda lake jembamba halikusumbui, na ukubwa wake unawatosha watu wawili watatu. Ni tamu, lakini kwenye nazi linavurugika upesi. Mimi nalipendelea kwa uji wa mtoto, kwa supu, na kwa chapati: liponde, lichanganye na unga badala ya maji, chapati zinatoka laini na za manjano.

Kipande kilichokwisha kukatwa nakiweka nafasi ya tatu. Faida yake ni kwamba unaiona nyama. Lakini Ramadhani moja nilinunua kipande kilichofungwa kwenye plastiki, kimeshinda juani. Nilipokifungua jioni kilikuwa kinateleza na kunuka uchachu, nikamtuma mtoto mbio akatafute muhogo saa kumi na moja na nusu. Tangu siku hiyo namwomba muuzaji akate mbele yangu. Tazama mbegu: zikiwa nono, boga limekomaa, zikiwa bapa na laini, liache. Ukifika nyumbani toa nyuzi na mbegu, weka kwenye friji, na ulipike ndani ya siku tatu.

Boga changa halifai kabisa kwa nazi. Lipike kama mboga, na majani yake.

Na boga lolote utakalolinunua, onja kipande kidogo kibichi kabla ya kulitia chunguni, kama umefunga mpe mwenzako asiyefunga, kisha ateme. Likiwa chungu, tupa lote. Uchungu huo ni sumu inayovuruga tumbo, na hautoki kwa moto wala kwa sukari.