Kamera ya simu au futikamba?

Ukiagiza gauni mtandaoni ukiwa Dar, namba ya saizi peke yake haikusaidii: 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani, na nguo za China mara nyingi huja ndogo kuliko ulivyozoea.

Zipo programu zinazokupima kwa kamera ya simu. Unaandika urefu wako, unapiga picha ya mbele na ya ubavuni, nayo inakadiria kifua, kiuno na nyonga. Ni haraka, ila inataka nguo ya kubana na mwanga mzuri. Ukisimama na dera, itapima dera. Na hizo picha zinahifadhiwa wapi? Soma masharti kwanza.

Futikamba Kariakoo ni bei ya chee. Jipime, kisha linganisha na jedwali la sentimita la muuzaji, si herufi M au L. Mabega na mgongo hujipimi mwenyewe. Hapo mwombe dada yako au fundi wa mtaani. Kwa suruali na gauni la kushika mwili nachagua futikamba bila kusita. Programu naiachia tisheti, maana hata ikikosea kidogo utavaa tu.